NANI ATAMKUMBUSHA DAKTARI?

Ndugu zangu wasomaji, haya nitakayoanza nayo sikuyasikia kwa mtu, bali yalinipata mwenyewe. Miaka kadha iliyopita kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya kufa baba yetu, alipatwa na jipu la mguu lililomtia homa kali, tukampeleka hospitali. Sitaitaja hospitali hiyo wala mji wake, kwani sikushika kalamu kumfedhehi mtu. Aliyetupokea alikuwa nesi kijana, na nilipomtazama vizuri nikamtambua: alisoma chuoni kwangu tangu alifu mpaka akahitimu msahafu. Akaniamkia, "Shikamoo, Maalim," nami nikaitikia kwa furaha, maana mahali pa ugeni na hofu, kumwona mtu unayemjua ni nusu ya dawa.

Akamwuliza kaka yangu maswali yote yapasayo, na katika hayo akamwuliza kama iko dawa imdhuruyo. Kaka akamweleza ya kuwa sindano ya penisilini ilipata kumvimbisha koo ujanani mwake, akanusurika. Yule binti akaandika.

Usiku akaja daktari. Alikuwa amechoka, na haki yake kuchoka, kwa kuwa alikuwa amesimama tangu asubuhi katika chumba cha kupasulia. Akautazama mguu, akaandika dawa katika karatasi nyingine, akampa nesi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni mwa kitanda, nikaona kwa macho yangu: yule binti akaisoma ile karatasi, akamtazama daktari, akafungua kinywa, kisha akakifumba. Daktari akamwuliza, "Vipi, kuna nini?" Akajibu, "Hakuna, daktari." Akaenda akaleta sindano, akampiga mgonjwa.

Haikupita robo saa kaka yangu akaanza kujikuna, uso ukavimba, pumzi zikawa hazipandi wala hazishuki. Nikapiga kelele. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu daktari hakuwa amefika mbali. Akaja mbio, akamchoma sindano ya adrenalini, na hata ilipoadhiniwa alfajiri kaka alikuwa akivuta pumzi kama watu. Yu hai hata hivi leo.

Asubuhi nilimkuta yule binti nyuma ya wodi, analia. Akaniambia, "Maalim, nilijua. Niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe." Nikamwuliza, "Basi mwanangu, mbona hukusema?" Akasema, "Ningemwambiaje, Maalim? Yeye ni daktari, na mimi ni nesi wa mwaka wa kwanza. Juma lililopita mwenzangu alimkumbusha jambo, akafokewa mbele ya wagonjwa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na tangu utotoni nimefunzwa nisimkosoe mkubwa." Hakusema amefunzwa na nani, wala haikuwa haja. Aliyemfunza alikuwa amesimama mbele yake.

Tangu siku hiyo sikuacha kuuliza: uongozi wa hospitali ni nini hasa, na mtu huupataje? Nimewauliza madaktari na wauguzi waliosoma kwangu, na mwanangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, amenisomea na kunifasiria mengi yaliyoandikwa na watu wa nchi nyingine juu ya jambo hili. Wengi wetu twadhani kiongozi wa hospitali ni yule aliyesoma kuliko wenzake, au yule ambaye akipita kila mtu husimama wima. Nami nilikuwa katika hao. Lakini yaliyonibainikia ni kwamba hospitali yenye uongozi mwema hutambulikana kwa alama moja: aliye chini kabisa aweza kumzuia aliye juu kabisa kabla madhara hayajampata mgonjwa, na akiisha kumzuia hapatilizwi. Na hali hii haiji yenyewe. Lazima mkubwa aijenge kwa mikono yake na aigharimie.

Sisi Waislamu jambo hili lingetupasa tulijue kuliko watu wote, kwani twalishuhudia mara tano kila siku. Imamu husimama mbele, wala hapana ruhusa ya kumtangulia katika rukuu wala sijida. Hata hivyo akisahau, aliye nyuma yake, ijapokuwa ni mchukuzi wa bandarini, hutamka Subhanallah ili amzindue, na mwanamke hupiga kofi. Imamu akikwama katika aya, anayeihifadhi humfungulia. Wala sijapata kuona mtu akisutwa baada ya salamu kwa kuwa amemkumbusha imamu.

Na katika hadithi sahihi imepokewa ya kuwa siku moja Mtume (s.a.w.) alitoa salamu baada ya rakaa mbili katika sala ya rakaa nne. Katika safu walikuwamo Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar, lakini haiba yake iliwazuia wasiseme. Aliyeuliza ni mtu mmoja ambaye kwa urefu wa mikono yake aliitwa Dhul-Yadayn. Akauliza kama sala imepunguzwa au Mtume amesahau. Mtume hakumkaripia. Aliwauliza watu kama asemayo ni kweli, nao walipomsadikisha akarudi akatimiza rakaa zilizobaki, kisha akasujudu sijida ya kusahau. Wanavyuoni wamechimbua hukumu nyingi katika kisa hiki, nami si katika hao. Langu ni hili moja tu: wakubwa walinyamazishwa na heshima, akasema mtu wa kawaida, na sala ikatimia.

Sasa twende hospitalini tukaone ilivyokuwa pale ambapo hapakuwa na wa kumkumbusha imamu.

Mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, ulikuwa na hospitali kubwa mashuhuri, na ndani yake wodi mbili za kuzalishia. Katika wodi ya kwanza walifundishwa madaktari, na katika ya pili wakunga. Katika miaka ya 1840 wazazi walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi, na ajabu ni kuwa katika wodi ya madaktari walikufa kiasi cha 10 katika kila 100, na katika wodi ya wakunga kiasi cha 4. Habari hii ilijulikana mjini mpaka ikawa wanawake hulia na kuomba wasipelekwe katika wodi ya kwanza. Tazama jambo hili! Wanawake wa mitaani, wasiojua kusoma, walikuwa wamekwisha ujua ukweli ambao wakubwa wa hospitali walikuwa wakiutafutia sababu za hewa na majira.

Mwaka 1846 akaingia katika wodi ya kwanza daktari kijana kutoka Hungaria, jina lake Ignaz Semmelweis. Alikuwa msaidizi wa profesa mkubwa wa wodi, Johann Klein. Machi 1847 rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alichomwa kidole na kisu walipokuwa wakipasua maiti, akafa, na mwili wake ulipochunguzwa ukaonekana una alama zile zile za wazazi waliokufa. Hapo Semmelweis akafahamu: madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti asubuhi na kwenda moja kwa moja kuzalisha, na wakunga hawakuwa wakipasua maiti. Ule uozo ulikuwa ukichukuliwa kwa mikono. Mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni wakafa 2, na Julai 1.

Mtu angetaraji ya kuwa baada ya hapo dunia nzima ingenawa mikono. Haikuwa hivyo. Profesa Klein hakupendezwa kufundishwa na msaidizi wake, na muda wa kazi wa kijana yule ulipokwisha mwaka 1849 haukuongezwa. Madaktari wengine walichukia kuambiwa ya kuwa mikono yao, mikono ya watu waungwana, ndiyo iliyowaua wagonjwa. Semmelweis akarudi kwao Hungaria. Na hapa sitaki tumwonee profesa peke yake. Semmelweis naye alikuwa na haki mkononi na hakujua kuifikisha. Alikawia mpaka mwaka 1861 kuandika kitabu chake, na wenzake walipompinga akawaandikia barua za hadhara akiwaita wauaji. Mwaka 1865 alipelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, akafia humo, umri wake miaka 47.

Nimekikariri kisa hiki kwa vijana wangu mara nyingi, na kila mara huwauliza, kosa la nani? Wao hupenda kumlaumu mzee. Mimi naona ya kuwa wodi ile ilikosa vitu viwili kwa pamoja: mkubwa aliyejua kuambiwa, na mdogo aliyejua kuambia. Elimu ilikuwapo, chokaa ilikuwapo na maji yalikuwapo.

Wasomaji watasema hayo ni ya zamani, watu hawakuwajua vijidudu. Basi sikilizeni ya karne yetu hii, tena katika nchi yenye mali na elimu. Mwaka 2001, katika hospitali ya Johns Hopkins iliyoko Baltimore, Marekani, ambayo ni katika hospitali zenye sifa kubwa kabisa duniani, alikufa mtoto mchanga wa miezi 18. Alikuwa ameungua kwa maji ya moto, naye alikuwa amekwisha pata nafuu na karibu kurudishwa nyumbani. Mama yake aliona ya kuwa mtoto ana kiu isiyo ya kawaida, akasema, akaambiwa asihofu. Mtoto akafa, na upungufu wa maji mwilini ukiwa katika sababu za kifo chake. Hospitali ilikiri makosa yake. Na wazazi wale, Mwenyezi Mungu huwapa subira awatakao, walichukua sehemu ya fidia wakairudisha kwa hospitali ile ile ili watu wafunzwe kutowadhuru wagonjwa.

Katika hospitali hiyo alikuwako daktari wa wagonjwa mahututi aitwaye Peter Pronovost. Yeye aliangalia jambo moja dogo. Wagonjwa mahututi hutiwa mrija mwembamba katika mshipa mkubwa wa damu, shingoni au kifuani, nao mrija huo ukiingia na uchafu hupeleka vijidudu katika damu, na wengi hufa. Pronovost akaandika katika karatasi mambo matano tu: nawa mikono kwa sabuni, safisha ngozi ya mgonjwa kwa dawa ya klorheksidini, mfunike mgonjwa mwili mzima kwa shuka zilizotakaswa, vaa barakoa, kofia, joho na glavu safi, na ukiisha funika mahali pa mrija kwa kitambaa kilichotakaswa. Hakuna daktari asiyeyajua hayo. Ni kama kumwandikia maalim nguzo za udhu.

Kisha akawaomba wauguzi wawatazame madaktari kwa muda wa mwezi mmoja na waandike waliyoyaona. Ikadhihirika ya kuwa kwa wagonjwa zaidi ya theluthi moja, daktari aliruka jambo moja au zaidi katika yale matano. Na wauguzi walikuwa wakiona siku zote! Walikuwa na macho, hawakuwa na ruhusa.

Hapa ndipo ulipoingia uongozi. Pronovost na wakubwa wa hospitali wakatoa amri ya kuwa muuguzi akimwona daktari ameruka hatua, amzuie. Si amnong'oneze baadaye, bali amzuie pale pale. Madaktari wakanung'unika, na wauguzi wenyewe wakaogopa, wakihofu kuachwa peke yao siku ya ugomvi. Pronovost akawaambia ya kuwa daktari akikataa, wamwite yeye, mchana au usiku, naye atakuwa upande wao. Katika mwaka uliofuata, maambukizo ya mrija ambayo yalikuwa yakiwapata 11 katika kila wagonjwa 100 yakashuka mpaka kuwa kama hayapo.

Ndugu msomaji, karatasi ile haikuwa na elimu mpya. Kilichokuwa kipya ni kwamba mkubwa aliutoa utukufu wake mwenyewe akauweka nyuma ya mdogo.

Mwaka 2004 jambo hili lilipelekwa katika jimbo la Michigan, katika vyumba vya wagonjwa mahututi zaidi ya 100. Huko walifanya jambo ambalo mimi naliona ndilo darasa hasa la kumfunza mtu uongozi. Kila chumba kilipewa mkubwa mmoja wa makao makuu ya hospitali, mtu wa mahesabu na mikutano, aliyezoea kukaa ofisini, naye akatakiwa akitembelee kila mwezi na kuwasikiliza wafanyakazi. Wengine wao hawakuwa wamezoea kabisa kuingia mahali walipolala wagonjwa. Wafanyakazi nao walikuwa wakiulizwa swali ambalo natamani liandikwe katika kila ukuta: mgonjwa ajaye atadhurika kwa njia gani hapa, na tufanye nini asidhurike?

Wakubwa walipoingia wakayakuta mambo ambayo hayakuwamo katika madaftari yao. Ile dawa ya kusafishia ngozi, iliyotajwa katika zile hatua tano, ilikuwako katika chini ya theluthi moja ya vyumba vile. Muuguzi angalipiga kelele mwaka mzima asiipate, kwa kuwa hana ufunguo wa fedha. Mkubwa aliyeambiwa uso kwa uso aliiagiza katika majuma machache. Baada ya miezi mitatu, katika nusu ya vyumba na zaidi, maambukizo yale yalifika sifuri. Walipohesabu matokeo ya miezi 18 ya kwanza, walikisia ya kuwa roho zaidi ya 1,500 zimeokolewa. Habari hizi zilitangazwa mwaka 2006.

Huenda mtu akasema, hayo ni ya Wamarekani, sisi twapungukiwa hata na pamba. Neno hilo lina ukweli, lakini lisitufanye tulale. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya kukagulia upasuaji, liliijaribu tangu mwaka 2007 hadi 2008 katika hospitali nane za miji nane ya dunia: London, Seattle, Toronto, Auckland, New Delhi, Manila, Amman, na ya nane ni Ifakara yetu, katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Orodha ile ina mambo 19. Kabla mgonjwa hajalazwa usingizi huulizwa jina lake na mahali atakapopasuliwa. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake, na huulizwa kama mgonjwa amekwisha pewa dawa ya kuzuia vijidudu. Kabla hajatolewa, pamba na vyuma huhesabiwa. Katika hospitali zote nane kwa jumla, waliokufa baada ya kupasuliwa walipungua kutoka 15 katika kila 1,000 mpaka 8, na waliopatwa na madhara makubwa kutoka 11 katika kila 100 mpaka 7.

Mimi lililonishangaza ni lile la kutaja majina. Nilimwuliza mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anayefanya kazi katika chumba cha kupasulia, faida yake nini? Akanijibu, "Maalim, mtu aliyekwisha sema jina lake mbele ya daktari mkubwa, sauti yake imekwisha funguka. Kusema mara ya pili si kazi tena." Na madaktari na wauguzi walioitumia orodha walipoulizwa, wapo kama 20 katika kila 100 waliosema inapoteza wakati. Lakini walipoulizwa, je, ukiwa wewe ndiwe utakayepasuliwa, wataka itumike? 93 katika kila 100 wakasema naam. Binadamu ana mambo!

Sasa isije mtu akadhani ya kuwa karatasi ndiyo dawa. Jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, lilitoa amri mwaka 2010 ya kuwa hospitali zitangaze hadharani jinsi zinavyoitumia orodha ile. Hospitali karibu zote zikaripoti ya kuwa zaitumia. Mwaka 2014 yakatangazwa matokeo ya hospitali 101, na haikuonekana tofauti ya kutajika katika vifo. Wataalamu wamebishana juu ya sababu. Wengine walisema muda wa kupima ulikuwa mfupi, na wengine walisema watu waliletewa karatasi bila ya kufunzwa wala kuandaliwa, basi wakawa wanatia alama tu. Mimi naelekea kwa hawa wa pili, kwa sababu nimeona chuoni kwangu mtoto akipiga mstari chini ya somo ambalo hakulisoma.

Katika mafunzo yaliyotolewa na serikali ya Marekani mwaka 2006 kwa watu wa hospitali, imo kanuni moja ambayo naipenda kwa adabu yake. Mdogo akiona hatari aseme. Asiposikilizwa aseme tena, kwa maneno yaliyo wazi zaidi. Asiposikilizwa mara ya pili, aende kwa aliye juu zaidi. Hatukani wala hapigi kelele, na wala hamwiti mtu mwuaji kama alivyofanya maskini Semmelweis. Yule mwanafunzi wangu angalitosha kusema, "Daktari, mgonjwa huyu ameniambia penisilini humvimbisha koo." Ni maneno saba tu, na ndani yake hamna utovu wa adabu hata chembe.

Nasi raia tuna fungu letu. Huku Tanzania bara kila zahanati na kituo cha afya hutakiwa kuwa na kamati yake, ambayo ndani yake mna wanakijiji waliochaguliwa, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za kituo huingizwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo chenyewe, basi kamati si ya kunywea chai tena. Lakini twachaguaje? Twamchagua mwenye kanzu nyeupe na maneno mengi ya harusini. Afadhali tumchague mama aliyezaliwa wajukuu wake watatu katika zahanati ile, ajuaye kisima kinakauka mwezi gani na mlango upi wa wodi ya wazazi haufungi.

Na mganga mfawidhi tumwonee huruma. Mara nyingi ni kijana aliyefundishwa kutibu malaria na kushona jeraha, akapewa barua ya kuongoza watu 8 au 10, na hakuna aliyemfundisha kuongoza hata mmoja. Aghalabu huiga aliowaona, naye aliowaona walikuwa wakifoka. Basi kamati ikutanapo naye, badala ya kuanza na vitanda na mabati, imwulize kwa upole: mwezi huu ni nani katika walio chini yako aliyekukumbusha jambo, nawe ulifanya nini? Mara ya kwanza hatakuwa na jibu. Aulizwe tena mwezi ujao, na mwezi wa tatu. Mtu akijua ya kuwa ataulizwa swali hilo, huanza kulitafuta jibu lake mwenyewe.

Ama chuoni kwangu nimebadili jambo moja, wala sikulitangaza. Zamani, mtoto aliyesema "Maalim umeruka" alipata kibao, hata kama kweli nimeruka. Sasa naruka makusudi. Juma la kwanza niliruka aya nzima mbele ya watoto 40, na wote wakaitikia nyuma yangu kana kwamba hapana kitu. Nikaona haya. Niliruka siku nne. Siku ya tano kitoto kimoja cha kike kilichokaa karibu na mlango kiliinua kidole, kisha kikakishusha, kisha kikakiinua tena.

Yule nesi wa hadithi yangu sasa ni mkubwa wa wodi katika hospitali nyingine. Mwaka jana nilipita kumzuru nikamkuta katika kupokezana zamu, akaniomba nikae kitako ningoje huku nikinywa chai. Alikuwa amewakusanya watu wake wote, na aliyeanza kuulizwa hakuwa daktari, bali mwanamke wa makamo aliyeshika ufagio. Akamwuliza, "Mama, leo ni kitu gani kitakachoweza kumdhuru mgonjwa humu?" Yule mama akajibu ya kuwa bomba la kunawia lililo karibu na kitanda cha 6 limekauka tangu juzi, na watu wanatoka kwa mgonjwa kwenda kwa mgonjwa pasipo kunawa. Daktari kijana aliyekuwa amesimama pale akatazama mikono yake. Mwanafunzi wangu akasema, "Ahsante, mama," akaandika, na kabla sijamaliza chai fundi wa bomba alikuwa amekwisha ingia chini ya sinki.